Ujira wa Usiku

Masomo: Mwanzo 29:15 na 31:36–42, 1 Samweli 1:24–28 na 3:1–10, Walawi 19:13



Msimu wa makambi ya shule umetukaribia tena. Mtihani wa darasa la saba hufanywa mwezi wa Septemba na ule wa kidato cha nne mwezi wa Novemba, na wiki nyingi kabla ya hapo shule za kutwa katika sehemu nyingi za nchi yetu huwakusanya watoto walale shuleni. Mwajua jinsi wanavyokwenda: godoro kichwani, ndoo mkononi, mahindi na maharage ndani ya mfuko. Madawati husukumwa ukutani, vyandarua hufungwa kwenye nondo za madirisha, na chumba kilichokuwa cha Jiografia mchana hugeuka bweni usiku. Watoto husoma hadi saa 4 usiku, na saa 10 alfajiri kengele huwaamsha tena.

Sisi twaliona jambo hili kuwa jema. Mtoto atembeaye kilomita saba kwenda shule na saba kurudi hufika nyumbani amechoka, akakuta maji hayajatekwa na taa haina mafuta. Binti aliyepangishiwa chumba karibu na shule, apike mwenyewe na kulala mwenyewe, yumo katika hatari ambazo wazazi wake hawazioni. Kambini ana taa, ana wenzake, ana mtu wa kumwuliza swali la hesabu lililomshinda. Wako vijana wa parishi hii walio vyuoni leo ambao wangekuambia wenyewe kuwa kambi ndiyo iliyowavusha.

Hata hivyo, kila mwaka iko habari inayosemwa chinichini, nje ya mlango wa mkutano, wala haisemwi ndani: ni nani atakayelala na watoto hawa, naye atapewa nini? Wazazi husema mwalimu ana mshahara wa Serikali. Walimu husema mshahara ule ni wa mchana. Mwalimu mkuu yuko katikati, akimbembeleza huyu na kumwahidi yule. Katika shule moja isiyo mbali nasi walimu waliahidiwa posho, wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, nao wakaacha kuja usiku mmoja baada ya mwingine. Watoto wakabaki siku mbili na mlinzi mzee mwenye rungu, ambaye kazi yake ni kulinda ofisi na jiko. Hakuna lililotokea, na wazazi walipopata habari wakasema, Mungu ni mwema. Naam, Mungu ni mwema. Lakini wema wa Mungu haukutolewa ili uwe badala ya mwalimu wa zamu.

Basi twataka kulitazama jambo hili katika nuru ya Neno.

Tuanze na Yakobo alipofika kwa mjomba wake Labani. Sote twamfahamu Labani kuwa mtu mwerevu kupita kiasi, na wahubiri wengi wamemsema sana. Lakini tukisoma Mwanzo sura ya 29 twaona jambo la kustaajabisha. Yakobo alikuwa amekaa kwake mwezi mzima, akifanya kazi kama mwana wa nyumbani, na ni Labani mwenyewe aliyeanza kulisema: je, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu, ndiyo sababu unitumikie bure? Akamwambia ataje ujira wake. Tazameni, wapendwa. Yule tunayemhesabu kuwa mdanganyifu aliona kwamba udugu hauondoi ujira, akauliza kabla hajaulizwa. Wako wakristo wengi wa mikutano ya shule ambao hawajafika hata hapo.

Labani alipoharibu, aliharibu baadaye, kwa kubadilibadili. Yakobo alipoondoka baada ya miaka 20 alimtolea maneno yaliyokuwa yamemjaa moyoni, nayo yameandikwa katika sura ya 31. Alimkumbusha kwamba mnyama aliyeraruliwa hakuletwa kwa Labani, bali yeye Yakobo aliilipa hasara ile mwenyewe. Alimkumbusha jua la mchana lililomchoma na baridi ya usiku, na jinsi usingizi ulivyomkimbia machoni. Kisha akasema kwamba ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Hayo ndiyo malalamiko ya mtu aliyekesha. Hakulalamikia kazi, aliifanya kwa uaminifu, na makundi yakaongezeka. Alilalamikia kwamba usiku wake ulihesabiwa kuwa si kitu.

Mwulizeni mwalimu aliyewahi kusimamia kambi, naye atawaeleza Yakobo alisema nini. Saa 4 anazima taa na kuhesabu vichwa. Saa 6 mtoto mmoja analia tumbo. Je, ni maharage, au ni kidole tumbo? Inambidi aamue, usiku wa manane, bila daktari, na simu haina salio. Saa 8 binti mmoja amepatwa na siku zake kwa mara ya kwanza, anaogopa, na mwalimu wa kike ndiye anayemtafutia maji na kitambaa na maneno ya kumtuliza. Saa 9 mbwa wanabweka, naye anatoka na tochi kuzunguka nyuma ya madarasa, hali moyo unamdunda. Saa 10 anapiga kengele. Saa 2 asubuhi yuko mbele ya ubao akifundisha kipindi cha kwanza, na mkaguzi akija siku hiyo ataandika kwamba mwalimu anaonekana mchovu. Mlinzi wa duka la saruji hulipwa kwa kulinda usiku, na saruji haiamki ikalia.

Hapo ndipo tunapoambiwa, lakini ualimu ni wito. Neno hili tunalisikia sana, na hasa linatoka katika vinywa vya watu ambao wito huo haukuwaita wao. Sisi hatukatai. Ualimu ni wito, na Kanisa letu lilijua hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja na Misheni ya Vyuo Vikuu, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na kwao pa kurudi jioni. Kwa hiyo shule ile ya kwanza ilikuwa nyumba ya kulala kabla haijawa darasa, na mwalimu alikuwa mlezi wa usiku kabla hajashika chaki. Kutoka katika kazi ile kikatokea chuo cha Kiungani, na baadaye, mwaka 1925, Minaki, na walimu waliotoka huko walitawanyika hadi Masasi na Korogwe. Mababu zetu walifundishwa na watu waliolala ua mmoja na wanafunzi wao.

Na wamisionari wa Misheni ile hawakuchukua mshahara. Ni kweli, nasi twawaheshimu. Lakini tuutazame vizuri utaratibu wao. Walipewa nyumba, walipewa chakula, walipewa fedha kidogo kwa mahitaji yao, na walipougua walitunzwa. Wengi wao hawakuwa na mke wala mume wala mtoto wa kumsomesha. Mwalimu wa leo amepanga vyumba viwili, ana watoto watatu, ana mama mzee kijijini, na usiku anaolala shuleni nyumba yake haina baba au haina mama. Kama ni mama mwenye mtoto mchanga, ama amwache kwa jirani ama aje naye kambini amfunge mgongoni. Mtu akitaka kumdai sadaka ya mmisionari, ampe kwanza alichopewa mmisionari.

Mtakatifu Paulo ametufundisha jambo hili kwa namna ambayo twaisoma haraka mno. Katika sura ya 9 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho anataja haki ya mhudumu kupata riziki kwa kazi yake. Anataja askari, mkulima wa mizabibu, mchungaji wa kundi, hata ng'ombe apurae nafaka ambaye Torati inakataza afungwe kinywa. Anaijenga haki hiyo tofali juu ya tofali. Ndipo anapogeuka na kusema kwamba yeye hakuitumia. Twauona utaratibu wake: kwanza haki, kisha kuisamehe. Na aliyeisamehe ni Paulo mwenyewe. Wakorintho hawakukaa kikao wakaamua kwamba Paulo asilipwe kwa sababu ana wito.

Kusamehe ujira ni zawadi, na zawadi hutolewa na mwenye mali. Wako walimu katika parishi hii waliolala na watoto mwaka baada ya mwaka bila kupokea hata shilingi, wakasema, hawa ni watoto wangu. Mungu awabariki, hatuna la kuwaongezea. Lakini mwalimu akilazimishwa kwa kutishiwa uhamisho, au akiogopa kuonekana mvivu mbele ya mwalimu mkuu, usiku wake haukutolewa. Ulichukuliwa.

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, iko amri fupi ambayo tumeiweka mwanzo wa neno hili. Bwana anakataza ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri mpaka asubuhi. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaeleza kwa nini: ni maskini, na moyo wake unautegemea ujira ule, na akimlilia Bwana itakuwa dhambi juu ya aliyeuzuia. Angalieni hapo kwamba Mungu anahesabu usiku. Kwa tajiri usiku mmoja ni kitu gani? Kwa mwenye njaa ni mrefu. Sasa mwalimu wa kambi anaahidiwa mwezi wa Agosti, na wengine hulipwa mwezi wa Januari, na wengine huambiwa kwamba fedha zilikwisha kwenye ng'ombe wa mahafali. Sijui, wapendwa, kama twaweza kuimba zaburi ya shukrani siku ya mahafali na ule mchuzi mezani.

Tuseme kidogo juu ya sheria, ingawa padre si wakili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja usiku kuwa ni saa zilizo baina ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku. Tena inakataza mwajiri kumpa kazi ya usiku mama aliyebakiza miezi miwili kujifungua, au ambaye hajatimiza miezi miwili tangu ajifungue. Shule za watu binafsi na za Kanisa ziyasome hayo vizuri. Walimu wa Serikali wana kanuni zao za utumishi, nasi hatutaingia humo. Ila twajua kwamba mwaka 2016 Serikali ilianza kuwapa walimu wakuu wa shule za msingi posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na wakuu wa sekondari shilingi 250,000. Jambo jema. Lakini mwalimu wa kawaida, yule anayeshika tochi saa 9 usiku, hakuwamo katika posho hiyo.

Wazazi watauliza, fedha zitoke wapi? Ni swali la haki, nasi hatulikimbii. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada, na mchango wa mzazi haupaswi kuwa sharti la mtoto kusoma. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba asiyetoa mtoto wake afukuzwe kambini. Mtoto wa mjane akirudishwa nyumbani na godoro lake kichwani kwa sababu ya posho ya mwalimu, tumemlipa mmoja kwa kumwibia mwingine, na Malaki anawataja wajane na yatima katika mstari ule ule anaomtaja mwajiriwa aliyedhulumiwa (Malaki 3:5).

Lakini tuhesabu. Tuchukue kambi ya watoto 60, usiku 40, walimu wawili kila usiku. Tuseme kila mwalimu apewe shilingi 6,000 kwa usiku, si utajiri, ni mboga na nauli. Hizo ni shilingi 12,000 kwa usiku, na shilingi 480,000 kwa kambi nzima. Nyumba 60 zikigawana, kila moja itatoa shilingi 8,000, yaani shilingi 200 kwa usiku. Hata zikiwapo nyumba kumi zisizoweza kutoa kitu, zile 50 zilizobaki zitatoa shilingi 9,600 kila moja. Walimu wakiwa wanane wanaopokezana, kila mmoja atakesha usiku kumi tu, na kupokea shilingi 60,000. Hesabu hii ya darasa la nne haijawahi kufanywa mbele ya watu katika mikutano mingi tuliyohudhuria, na ndiyo maana kila mtu ana hofu ya fedha asiyoijua ukubwa wake. Sisi ambao hutoa makumi ya maelfu kwa kadi moja ya arusi, tena mara tatu kwa mwezi, hatuna neno la kusema mbele ya shilingi 200. Kwaya yetu ikikaa kambini kabla ya mashindano, hatuwaachi walimu wa kwaya bila chai na nauli. Tumejua kufanya hivyo kwa ajili ya nyimbo.

Sasa twawageukia ninyi walimu, ndugu zetu, kwa maana Neno lina makali pande mbili.

Hana alipompeleka Samweli nyumbani mwa Bwana kule Shilo, hakwenda mikono mitupu. Alifika na ng'ombe, na unga, na divai. Mzazi alitimiza sehemu yake. Ndipo mtoto akalala chini ya ulinzi wa mzee Eli. Macho ya Eli yalikuwa yamefifia, naye alikuwa amelala mahali pake. Lakini alilala karibu kiasi cha mtoto kumkimbilia. Mara tatu Samweli alimwamsha. Mara tatu mzee yule aliamka, hakumtukana, hakumwambia kesho, na mara ya tatu akafahamu kwamba ni Bwana anayemwita kijana. Fikirini kama Eli angalikuwa amekwenda kulala kwake, akamwachia kiranja funguo.

Huo ndio wajibu wa usiku: kuwapo karibu, na kuamshika. Mwalimu aliyepokea posho ya zamu akaenda nyumbani saa 5 na kurudi kabla ya kengele, ameiba, na alichoiba si fedha tu. Mwalimu anayefika kambini amelewa afadhali asifike. Na hapa twataja lililo gumu zaidi. Nyumba ile ile ya Shilo ilikuwa na wana wa Eli, ambao maandiko hayafichi walivyowafanyia wanawake waliohudumu mlangoni pa hema (1 Samweli 2:22). Eli alisikia, akawaonya kwa maneno, akawaacha mahali pao, na hukumu ya Mungu ikaangukia nyumba nzima. Kwa hiyo kambi yenye wasichana na iwe na mwalimu wa kike au matroni anayelala humo. Mwalimu wa kiume asiingie peke yake katika chumba cha wasichana, wala asimwite mtoto nyumbani kwake usiku kwa kazi yo yote, iwe kuteka maji, iwe kusahihisha madaftari. Mtoto akileta habari ya namna hiyo asikilizwe, na ipelekwe kwa wenye mamlaka ya kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuandikwa kwa ajili ya watu wa mjini peke yao. Mtu asiyekubali masharti haya, hata angalikuwa bingwa wa hesabu mkoa mzima, hafai kwa zamu ya usiku.

Tena kuna moto. Agosti 2009 wasichana 12 waliteketea bwenini katika sekondari ya Idodi, Iringa. Septemba 2020 watoto 10 walikufa kwa moto katika shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa. Kwa ndugu zetu wa Kenya, moto wa Nyeri mwaka 2024 uliua wavulana 21. Hizo zilikuwa shule zenye mabweni. Madarasa yetu yanayogeuzwa mabweni kwa miezi miwili yana mlango mmoja na nondo madirishani. Basi mlango usifungwe kwa kufuli nje, kwa sababu yo yote ile, hata wezi wawe wengi namna gani. Mshumaa usiingie chini ya chandarua. Ndoo za maji na mchanga ziwekwe mlangoni. Mwalimu awe na orodha ya majina, na aihesabu taa zikizimwa na kengele ikilia. Awe na namba za simu za wazazi, na fedha kidogo iliyotengwa kwa ajili ya pikipiki ya kumpeleka mgonjwa zahanati. Fedha hiyo isiwe ya mfukoni mwake. Yakobo alilipa hasara ya kundi mwenyewe, na tumeona alivyosikitika.

Tumesikia pia kwamba wako walimu wanaofanya kambi kuwa duka. Mchana hawafundishi kitu, ili usiku watoto wayanunue yale yale. Yohana Mbatizaji aliwaambia askari watosheke na mishahara yao wala wasiwaonee watu, na neno hilo linawahusu wenye chaki kama lilivyowahusu wenye upanga. Twaomba walimu waelewe kwamba tunapotetea ujira wao wa usiku hatutetei biashara hii. Inawaharibia wenzao walio waaminifu, maana mzazi aliyewahi kuuziwa kipindi cha mchana hataamini tena hesabu ya usiku, hata iwe safi.

Juu ya michezo, makambi ya UMITASHUMTA na UMISSETA, tutasema machache tu. Huko safari ni ndefu, watoto hulala katika shule za ugenini, na mwalimu anayekwenda na timu huwa baba, mama, mwuguzi na mtunza viatu kwa pamoja. Hayo yana bajeti yake na wasimamizi wake. Lakini mwalimu wa kwetu akisafiri na watoto wetu, si vibaya mtu mmoja akauliza nyumbani kwake wanakula nini.

Ushauri wetu kwa halmashauri za shule zetu ni kwamba jambo hili liandikwe kabla godoro la kwanza halijaingia. Mwenye shamba la mizabibu katika Mathayo 20 alikubaliana na vibarua wake asubuhi, kabla hawajashika kazi, na waliponung'unika jioni aliweza kuwaonyesha walipopatana. Karatasi moja yatosha: walimu wangapi kila usiku, nani zamu ya siku gani, nani matroni, posho ni kiasi gani, italipwa kila Ijumaa na nani, mbele ya mashahidi gani, na mwalimu aliyekesha aingie darasani saa ngapi kesho yake. Hili la mwisho halina gharama ya fedha, na walimu wengi wametuambia wangelipenda hata kuliko posho: kipindi cha kwanza kishikwe na mwenzake, yeye apate saa mbili za usingizi. Mwalimu asiyeweza, kwa ugonjwa au kwa mtoto mchanga, aachwe bila kusengenywa. Mzazi asiye na fedha alete kuni, au alete tenga la mboga, au aje mwenyewe azunguke na tochi zamu moja. Baba mmoja wa parishi yetu ambaye ni fundi seremala alifanya hivyo mwaka uliopita, akatengeneza na bawaba za milango wakati wa zamu yake.

Mikutano ya wazazi wa shule mbili zilizo katika eneo letu inakaribia. Wazee wa kanisa wenye watoto au wajukuu huko waende, na wasikae nyuma. Akina mama wa Umoja wameahidi mablanketi manne na chupa mbili za chai kwa ajili ya chumba cha walimu wa zamu, na kijana mmoja amejitolea kuandika majina ya nyumba zitakazobeba sehemu ya zile zisizoweza. Majina ya hizo zisizoweza hayatasomwa kanisani. Bado twatafuta tochi mbili zenye betri nzuri, na taa moja ya sola itakayotundikwa njiani baina ya mabweni na choo. Mwenye nayo amwone mtunza vyombo vya kanisa baada ya ibada ya pili.